Waziri akikiuka maadili: hoja ya Bunge au lalamiko kwa Tume?

Wazee wanaobarizi Mkunguni, hapa Lamu, huuliza waziri aliyevunja kanuni za maadili ashtakiwe wapi. Njia ya kwanza ni Ibara ya 152 ya Katiba ya Kenya ya 2010: mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya wenzake huleta hoja, kamati teule ya wabunge 11 huchunguza na kutoa ripoti katika siku 10, na madai yakithibitishwa, kisha wabunge walio wengi wakaafiki, Rais analazimika kumwachisha kazi waziri huyo. Ni njia ya haraka na yenye meno, lakini meno hayo yamo kinywani mwa wanasiasa. Mwezi Mei 2024, katika sakata la mbolea bandia, kamati ilimwondolea lawama Mithika Linturi, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, kwa kura 7 dhidi ya 4, na hoja ikafa hapo. Tena Lamu ina wabunge watatu tu kati ya 349, idadi isiyoweza hata kuanzisha hoja peke yake.

Njia ya pili ni Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, inayomruhusu mtu yeyote, awe mvuvi wa Kizingitini, kuwasilisha lalamiko kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Tume haina uwezo wa kumfuta waziri, na uchunguzi wake huweza kukokota miaka. Hata hivyo, kwa mwananchi asiye na mbunge wa kumsemea, mimi ningeanzia huko, ushahidi wa maandishi ukiwa mkononi.