Tume za Ureno za watumiaji wa dawa za kulevya: meza nzuri, mizani ya kutilia shaka

Kati ya makosa yasiyo na mlalamikaji, kutumia dawa za kulevya ndilo ambalo Ureno ililifungulia ofisi yake. Sheria namba 30 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Julai 2001, haikuhalalisha chochote. Ililitoa kosa kwenye jinai na kulikabidhi kwa tume maalumu. Huduma yenyewe ikoje?

Polisi akikukuta na dawa za matumizi yako, anazichukua, anaandika taarifa, na unatakiwa kufika mbele ya tume ndani ya saa 72. Wajumbe ni 3: mwanasheria mmoja, na wawili wa fani kama tiba, saikolojia au ustawi wa jamii. Hakuna kizimba wala hakimu. Wanachotaka kujua kwanza ni kama wewe ni mraibu, maana mengine yote yanafuata hapo.

Asiye mraibu, ikiwa ni mara ya kwanza, shauri lake husimamishwa, na asiporudia katika muda aliopangiwa faili hufungwa. Mraibu wa mara ya kwanza akikubali matibabu, lake pia husimamishwa. Kumtoza faini ya fedha hakuruhusiwi, na hapa tunaipa tume alama zote: faini kwa mraibu hulipwa na mama yake au na mtu atakayeibiwa. Kwa wengine, faini ya bangi iliandikwa kwa escudo (sarafu ya Ureno kabla ya euro), 5,000 hadi 30,000, yaani kama euro 25 hadi 150. Aliye tayari anaweza kufanya kazi ya kujitolea badala yake.

Udhaifu uko kwenye mizani. Kipimo cha dawa zinazohesabiwa kuwa za kutumia mwenyewe ni matumizi ya siku 10: bangi gramu 25, hashishi (utomvu wa bangi) 5, kokeini 2, heroini 1. Anayenunua ya mwezi mzima ili asimwendee muuzaji kila wiki ndiye aliyeumia zaidi, hasa baada ya Mahakama ya Juu kabisa kuamua mwaka 2008 kwamba kuzidisha kipimo ni jinai hata kama mzigo ni wa kutumia mwenyewe. Marekebisho ya 2023 yamelegeza kamba: kuzidi gramu sasa ni dalili tu, na ikithibitika ni ya matumizi binafsi, shauri hurudi kwenye tume.

Kasoro ya pili haijaguswa. Kupanda bangi, hata mche mmoja kwenye chungu, kumebaki kosa la jinai. Anayejipandia bila kumpa muuzaji senti anapelekwa mahakamani; anayemtajirisha muuzaji anakaribishwa kiti kwa mwanasaikolojia. Kama hoja ni kwamba hakuna aliyedhurika, sheria imeishika kinyumenyume.

Rufaa ya matibabu nayo iliyumba. Mwaka 2012 tiba ilihamishiwa mamlaka za afya za mikoa huku tume zikibaki chini ya taasisi nyingine, hivyo mtu akavushwa kutoka idara hadi idara. Taasisi mpya iliyoanza 2024 imeziweka kazi hizo tena chini ya paa moja.

Kwa atakayeitwa: una haki ya kuomba mtabibu unayemchagua mwenyewe ashiriki katika shauri, na ya kuomba vipimo vya kitabibu. Omba mapema, kabla tume haijaamua kama wewe ni mraibu.