Miezi minane nikiunda lugha ya kubuni: zana zilizonifaa na zilizonichosha

Nilipoanza kuunda lugha kwa ajili ya hadithi ninayoiandika, nilikuwa na maneno kumi na manne kwenye daftari na kujiamini kupita kiasi. Jambo moja nililijua: nataka ngeli. Si jinsia ya kike na ya kiume, ngeli hasa, tano, kila moja na kiambishi chake kinachoonekana kwenye nomino, kwenye kivumishi na kwenye kitenzi. Leo Kivelu (ndilo jina la lugha) kina maneno kama mia sita, na programu nilizozijaribu nimezipima kwa swali moja tu: neno likibadilika upande wa mbele, utaliweza?

Kuzalisha maneno ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Nilitumia Gen ya Mark Rosenfelder, ambayo inafunguka kwenye kivinjari na haidai ujisajili. Unaandika makundi, mathalani C=tkmnslp na V=aiueo, unaiambia silabi zako ni CV, unabofya, inamwaga maneno. Mpangilio wa herufi ndani ya kundi una maana: iliyo mbele hutokea mara nyingi, ya nyuma huwa adimu. Nilipoisogeza "a" mbele na "o" mwisho, orodha ikaacha kusikika kama kelele. Katika kila maneno mia nilibakiza kumi hivi. Mengine yalikuwa matusi ya Kiswahili fasaha kabisa, sitayarudia hapa.

SCA2, ya Rosenfelder huyohuyo, ndiyo iliyonishika. Hii hubadilisha sauti: unaipa orodha ya maneno na kanuni, inakuonyesha maneno hayo yangekuwaje baada ya vizazi kadhaa. Kanuni ina sehemu tatu, herufi inayobadilika, inayoingia, na mazingira. k/č/_i maana yake "k" iwe "č" (sauti ya "ch") ikifuatwa na "i". Mfuatano wa kanuni ni kila kitu. Nilikuwa na neno take, na kanuni ya pili, e/i/_#, inayogeuza "e" ya mwisho kuwa "i". Nikiiweka ya "k" kwanza napata taki, kwa sababu wakati huo hakuna "i" ya kuigusa. Nikizigeuza, napata tači. Jioni nzima nilikaa nikizipanga na kuzipangua kama mtu anayecheza bao peke yake.

Kosa langu kubwa lilitokea hapohapo, na ni kosa ambalo mtu aliyezoea maandishi ya Kiswahili atalifanya haraka. Niliamua "h" ipotee kila mahali: h//_. Nilisahau kwamba programu inasoma herufi mojamoja, na kwake "sh" si sauti moja, ni "s" ikifuatwa na "h". Ikazifyeka zote. Shore, yaani mvua, ikawa sore, na sore tayari ilikuwa shemeji. Katika sura ya tatu ya hadithi yangu ikawa shemeji ananyesha. Dawa ipo ndani ya SCA2 yenyewe: kuna kisanduku cha kuandikia mabadilisho, unaweka sh|š na ch|č, inazichukua kama herufi moja wakati wa kazi kisha inazirudisha mwishoni. Anza na hicho kabla ya kanuni yoyote.

Upande wa kamusi ndiko nilikochoka. Zana moja ya mtandaoni, jina nitalihifadhi, ilinipa kwenye fomu ya nomino nafasi tatu: ya kiume, ya kike, isiyo na jinsia. Ngeli zangu tano nizipeleke wapi? Jedwali lake la minyambuliko lilikuwa na kisanduku cha kiambishi tamati tu. Nikajaribu kuizunguka kwa kuandika kila umbo kwa mkono, na baada ya maneno sitini hivi ikanitoa kwenye akaunti, kazi yote ikapotea. Sikurudi.

Hasira zilipotulia nilifungua WALS, atlasi ya miundo ya lugha za dunia ambayo inasomwa bure mtandaoni, nikaelewa kidogo. Kati ya lugha 969 zilizoangaliwa kwa viambishi, 406 hutegemea sana vya mwisho na 58 tu hutegemea sana vya mwanzo. Kwa jinsia na ngeli, kati ya lugha 257, zenye makundi matano au zaidi ni 24. Waundaji wa programu wametengenezea wengi, basi. Hata kama huna mradi wa lugha, WALS ni mahali pa kupotelea usiku. Ramani ya mkono ilinifurahisha zaidi: kati ya lugha 617, 228 zina neno moja kwa kiganja na mkono mzima, kama sisi. Orodha ya Swadesh, yaani maneno 207 ya msingi ambayo wanaisimu huyatumia kulinganisha lugha, inafaa kuanzia, lakini ukiijaza mstari kwa mstari utaishia na Kiswahili kilichovaa nguo nyingine. Nilikijaza Kivelu mpaka "jani" ndipo nikagundua hivyo, nikafuta nusu.

Kamusi yangu sasa iko kwenye PolyGlot, programu ya bure ya kupakua. Haikuulizi lugha yako inafanana na ipi. Maumbo unayatengeneza kwa kanuni za kutafuta na kubadilisha herufi, ambamo alama ya ^ humaanisha mwanzo wa neno, kwa hiyo ^ ikigeuzwa kuwa ra, kila mzizi unapata kiambishi cha watu. Kujifunza kanuni hizo kulinichukua wikiendi mbili na sikufurahia hata moja. Faida ni kwamba faili ni langu, liko kwenye kompyuta yangu, na naweza kutoa sarufi nzima kama PDF.

Mwandiko nilichora kwa FontForge, programu ya kutengeneza fonti. Inafanya kazi, sura yake ya kizamani utaizoea. Herufi nilizipanga kwanza kwenye eneo la Unicode (mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta) lililoachwa kwa matumizi binafsi, lenye nafasi 6,400 kuanzia U+E000, na kila asiye na fonti yangu akaona visanduku vitupu. Nikazihamishia juu ya herufi za kawaida. Sasa asiye na fonti anasoma angalau neno kama ratelu kwa herufi za kawaida.

Viambishi vya upatanisho bado navipanga kwenye Excel, na huko ndiko nilikokuta kitu wiki iliyopita. Ngeli ya miti ilikuwa sha-, ya vyombo sa-. Ile siku ya kufyeka "h" nilikuwa nimenakili orodha iliyoharibika, na miezi yote hii miti na vyombo vimekuwa na kiambishi kimoja, sa-, katika kurasa themanini za hadithi. Mwiko, kinu, mpini, vyote ni mti. Nimeziacha zibaki ngeli nne.