Dopla ya mkononi kwa kupima damu ya miguuni: niliyoyaona

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Hii hapa mezani ni dopla ya mkononi: kispika kidogo na kalamu ya kusikilizia mshipa. Niliinunua kwa ajili ya mama mkubwa. Akienda sokoni, kigimbi cha kulia kinambana mpaka asimame. Akipumzika kidogo maumivu yanaisha, anaendelea. Nyumbani tulisema ni uzee tu.

Kabla hujalipa, soma kwenye kalamu. Hii yangu ni megahezi 8. Zile za kusikiliza mtoto tumboni huwa megahezi 2 au 3, zinatafuta mbali ndani, na mshipa wa mguuni uko karibu na ngozi. Hata ukiuziwa nusu bei, iache.

Sasa sikilizeni. Jeli hapa, nyuma ya kifundo upande wa ndani, kalamu nailaza kidogo... Hiyo! Pwa-ta-ta, pwa-ta-ta. Huo ni mguu wangu. Wa mama mkubwa ulitoa fyuu, fyuu, pigo moja laini. Na siku zote nilikuwa namshika hapohapo kwa vidole, nasema mshipa unapiga, yuko salama!

Baada ya sauti tunatafuta namba. Mgonjwa alale chali dakika 10. Chukua mkanda wa presha wa kujaza kwa mkono, ufunge juu ya kifundo, jaza mpaka sauti ipotee, achia polepole. Sauti ikirudi tu, andika namba. Rudia kwenye mshipa wa juu ya wayo, uchukue iliyo kubwa. Pima pia presha ya mikono yote miwili, kisha gawanya ya mguu kwa ya mkono uliozidi. Mama mkubwa alikuwa na 118 mguuni, 140 mkononi: 0.84. Kawaida ni 1.0 hadi 1.4, na kuanzia 0.90 kushuka, ateri, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, zimebana. Kwa hiyo kwake tatizo ndiyo kwanza linaanza. Hospitali walipima upya, wakampa dawa na mazoezi: atembee mpaka paume, apumzike, atembee tena.

Kuna jambo linanitia wasiwasi. Mwenye kisukari cha miaka mingi ateri zake hukakamaa, mkanda unashindwa kuziminya, namba inapanda kupita 1.4. Msifurahi! Huyo anahitaji kupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, hospitalini. Na soksi za kubana msimvalishe mtu kabla ya kipimo hiki. Ateri ikiwa imeziba sana, zinamuumiza.

Mmeniuliza kama kile kibanio cha oksijeni cha kidoleni kinatosha badala ya dopla. Hapana. Kinaweza kuonyesha 98 kwenye mguu ulioanza kubana, maana hakipimi wingi wa damu inayofika.

Niinunue au nisinunue? Kama nyumbani yupo anayejua kupima presha kwa mkono, nunua. Kama hayupo, hela hiyo mpelekeni mgonjwa kliniki apimwe. Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma vikali, msipime chochote, kimbilieni hospitali usiku huohuo.