Miezi minane na kopo la moo yao

Kopo lenyewe halina nembo. Lilikuwa la siagi ya mkate kabla ya kuoshwa, kifuniko kimepasuka pembeni, na ndani mna mafuta ya njano iliyopauka yanayonukia karanga zilizoungua kidogo. Nililinunua Arua Park, Kampala, kwa shilingi 10,000, kwa mama mmoja wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, aliyejifunzia Kiswahili kwenye kambi ya jeshi, kwa mume askari. Mimi pia ni mtoto wa kambi, kwa hiyo hatukuhangaika kuelewana. Nikamuuliza kama yanakuza nywele. Akacheka. "Mwanangu, haya ni mafuta. Mbolea wanauza kule," akanyoosha mkono upande wa maduka ya mbegu.

Ningemsikiliza siku ile ningeokoa miezi mitatu.

Moo yao ni jina la kaskazini mwa Uganda kwa mafuta ya shea. Wengi mnayajua kwa jina hilo la dukani. Nimeyatumia miezi minane sasa kwenye nywele za kipilipili hasa, zile zinazokunja ngumi mara tu zikiguswa na maji, na nina ya kusema, mazuri na mabaya.

Kwanza mjue nimetoka wapi. Nimesoma miaka 13 nikiwa nimenyolewa: saba ya msingi, minne hadi kidato cha nne (S4), miwili hadi cha sita (S6). Shule nyingi za Uganda hutaka msichana awe na nywele fupi, na kila muhula ukifunguliwa tulipangwa mstari, mwalimu wa zamu akapitisha kiganja kichwani kama anayepima unga. Nilitoka sekondari nikijua kukokotoa eneo la pembetatu, lakini sikujua nywele zangu zinakuwaje zikifika urefu wa kidole. Nikafanya wanachofanya wengi: nikaenda saluni kuweka dawa. Msusi akapaka, simu ikaita, akatoka nje kuzungumza. Alivyorudi nilikuwa nishaanza kulia. Dawa kali za kunyoosha huwa na magadi ya viwandani yanayovunja viungo vya ndani vya unywele, na kilichovunjika hakirudi. Huwa unasubiri zinazoota upya. Mimi nilibaki na vidonda nyuma ya sikio na nywele zilizokatika pale zilizonyooshwa zilipokutana na kipilipili. Nikanyoa zote, nikaanza upya, na hapo ndipo kopo likaingia.

Miezi mitatu ya kwanza nililitumia kama Vaseline. Asubuhi nachota kidole kizima, napaka nywele kavu na ngozi ya kichwa, nang'aa, naenda kazini. Usiku tena. Nywele ziling'aa kwa nje lakini ukizishika ni kama nyasi za Januari, na kila nikichana chanuo lilirudi na vipande. Mba nao ukaongezeka, magamba makubwa yananing'inia kwenye kola. Nikasema mama wa Kitgum kaniuzia uongo.

Aliyenizindua ni binamu yangu anayesuka watu barazani kwake Kireka. Alinishika kichwa, akakiachia, akanusa vidole vyake. "Dada, hizi nywele zina kiu. Wewe umefungia kiu ndani, ukaweka na kufuli." Akachukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kupigia pasi, akaninyeshea hadi shingoni.

Nilichoelewa kwake ni hiki. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye nywele nyoofu yanateleza hadi nchani, kwenye kipilipili yanakwama kona ya kwanza, na zinafuata kona nyingi mno. Kwa hiyo ncha zetu hukauka. Kinacholainisha unywele ni maji, na mafuta hayana maji hata tone. Kazi ya mafuta ni kuzuia maji yaliyomo yasiondoke haraka. Ukipaka pakavu, unafungia ukavu ndani. Na mba? Yule kuvu anayeuchochea hula mafuta, kwa hiyo nilikuwa namlisha mara mbili kwa siku. Tangu siku hiyo moo yao haigusi ngozi ya kichwa changu, na magamba yamepungua sana.

Jumamosi zangu sasa ni hivi. Naosha kwa shampuu, si sabuni ya mche. Najua wengi tumekua nayo shuleni, lakini ile ni kali, inaacha unywele umejikwaruza, na mtu akikuambia inaondoa mba mpe pole. Kisha napaka kondishona nyingi, na zikiwa bado zimeloa natenganisha mafundo kwa vidole, nikianzia nchani kupanda juu. Unywele uliolowa huvutika na kukatika kirahisi, kwa hiyo hapa sina haraka hata umeme ukikatika. Nasuuza. Sifuti kwa taulo, nakamua kwa tisheti kuukuu. Nagawa kichwa mafungu nane, nabana saba, nabaki na moja.

Kwenye hilo moja ndipo penye siri ya kopo. Napulizia maji hadi fungu liwe linateleza, sio kuchuruzika. Nachota moo yao kiasi cha punje ya njugu, nasugua viganjani hadi ipotee iwe mng'ao tu, halafu naminya kuanzia nchani. Punje moja kwa fungu moja. Ukiona nyeupe imebaki kati ya nywele, umezidisha. Kisha nasokota misokoto miwili miwili, nafunga kitambaa cha satini, nalala. Asubuhi nikifungua zinakuwa na mawimbi na zinakaa laini hadi Jumatano. Alhamisi napulizia maji tena, mafuta siongezi.

Inachukua saa mbili na nusu, na sitawadanganya kwamba ni raha. Mgongo unauma.

Sasa mafuta yenyewe. Shea ya Uganda si sawa na ile ya Afrika Magharibi inayouzwa madukani kwenye makopo mazuri. Mti ni wa jamii moja lakini wetu ni wa aina ya nilotica, na mafuta yake ni laini zaidi. Ile ya Ghana niliyowahi kupewa ilikuwa kama mshumaa, ilibidi niikwangue kwa kijiko. Hii yetu inayeyuka kiganjani kabla hujamaliza kuhesabu tatu. Kwa misokoto, laini ni bora. Kasoro ni kwamba joto likipanda kopo zima linageuka uji, na lilipomwagika kwenye mkoba wangu ndani ya taksi ya Ntinda, daftari la kazi lilikunywa robo yake. Likipoa polepole, linarudi na chengachenga kama semolina. Hazina madhara ila zinakera. Binamu anaweka kopo ndani ya sufuria ya maji moto hadi yayeyuke yote, kisha moja kwa moja kwenye friji, na yanatoka laini.

Harufu ni suala jingine. Kokwa za mti wa shea hukaangwa kabla ya kusagwa na kuchemshwa, ndiyo maana yananukia moshi. Mimi nimezoea. Mwenzangu wa ofisini aliniuliza kama nimepika kwa kuni. Kama pua yako ina maringo, tafuta yaliyokamuliwa bila kukaanga. Yapo Kampala ila bei ni ya juu zaidi.

Kopo la pili nililinunua soko jingine kwa shilingi 6,000 nikijiona mjanja. Lilikuwa limechanganywa na mafuta ya kupikia. Halikuganda hata kwenye friji, na baada ya wiki tatu lilinuka kama chapati za juzi. Nikarudi kwa mama wa Kitgum. Nilipolalamikia bei yake iliyopanda hadi 12,000, aliniambia miti inachomwa mkaa. Ni kweli, na mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini, lakini mti wa shea huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa vizuri. Uliokatwa haurudi msimu ujao. Nikalipa.

Kwenye mitindo, kopo limenifaa zaidi kwa misokoto na kwa uzi. Ule uzi mweusi wa kuzungushia kama bibi zetu walivyofanya ndio unaonyoosha nywele bila moto wala dawa: paka mafuta kidogo kwenye nywele zilizoloa nusu, zungushia, lala, fungua. Kwa mistari ya kusukwa, ile Kampala wanaiita biswahili (na sisi Waswahili hatujui tulifanya nini kustahili heshima hiyo), yanafaa mradi msusi asivute. Akivuta hadi nyusi zinapanda, hakuna shea duniani itakayorudisha nywele za mbele zikishatoka. Mimi nikiona machozi nasema "legeza," hata kama foleni imenuna.

Je, zimekua? Nilizivuta kwenye rula juzi: sentimita 9. Hiyo ni sentimita moja na kitu kwa mwezi, ambayo ni kasi ya kawaida tu ya nywele. Mama wa Kitgum alisema kweli, si mbolea. Tofauti ni kwamba hazikatiki, kwa hiyo zilizoota zimebaki. Zikikauka zinajikunja zinaonekana sentimita tatu, na mama yangu mzazi kila akinipigia simu ya video anauliza, "Mbona hazikui?" Nishachoka kumvutia msokoto mbele ya kamera.

Kwa nywele kavu, nene na za kujikunja sana, nayapa nyota nne. Kwa nywele nyembamba, au mwenye mba uliokomaa, sishawishiki. Yatakulemea, na mba mtafutie daktari wa ngozi.

Kopo la tatu limefika nusu. Naliweka kabatini mbali na dirisha, na mdogo wangu aliyemaliza S6 juzijuzi, kichwa bado ni cha mwalimu wa zamu, ameanza kuchota kwa kidole bila kuniuliza. Jana nilimnyang'anya kopo, nikampa chupa ya maji.