Mafundi wa kukagua umeme nyumba za kupangisha, nawapa nyota 4

Nina vyumba vya kupangisha huku Nkuhungu, Dodoma, mpangaji mmoja akawa analalamika bomba la bafuni linampiga shoti akiwasha hita, nikaita mafundi wa kukagua, sio wale wa mtaani anachomeka testa anakwambia iko poa bosi, hawa wana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, na walinionyesha kabla hata sijauliza.

Walizima mein swichi, wakapima waya chumba kwa chumba afu wakaja kwenye ethi, yaani njia ya kushusha ardhini umeme uliovuja, na hapo ndo waliponikosha. Rodi, kile chuma cha ethi kinachochimbiwa chini, ilikuwepo ila udongo wa Dodoma kiangazi unakauka kama tofali, ukikauka umeme haushuki vizuri ardhini, wakachimbia rodi ya pili wakaunganisha wakapima tena. Pia wakafunga ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampia 30. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue tu, mtu akipigwa shoti haina habari nae, wenye nyumba wengi hawalijui hili na wanapokea kodi kila mwezi jamani!

Ubaya wao, asubuhi waliyosema ikawa saa tisa alasiri, na ripoti ya maandishi mpaka nimekumbushia wasap. Bei sio ya kitonga. LUKU hawakuigusa, sawa kabisa, mita ni ya TANESCO. Mpangaji kaambiwa jiko la umeme na pasi visikae ekstensheni moja, kanuna mpaka leo.