Programu za ofisi: ninunue ipi, niache ipi

Jumapili moja jioni, kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, tulikuwa tunakusanya likelemba, yaani mchango wa kupokezana. Mama mmoja mmoja anakuja, anaweka franka zake mezani, nami naandika jina na kiasi moja kwa moja kwenye jedwali la mashini, yaani kompyuta, maana daftari nilishalistaafisha. Tulipofika mama wa kumi na mbili, umeme ukaenda. Betri ya mashini yangu ya okazioni, iliyokwisha tumika na wengine, ilikufa zamani, basi nayo ikazima hapohapo.

Umeme uliporudi saa tano usiku, jedwali lilikuwa jeupe. Nikachungulia mipangilio: kisanduku cha kujihifadhi hakikuwa na tiki. Aliyeniuzia mashini ndiye aliyeniwekea ile programu ya ofisi ya wizi, kwa dola 15 juu ya bei, akaniambia: “Ofisi ya maisha, mama.”

Kwa hiyo sitakueleza habari za rangi wala mitindo ya herufi. Mimi nauliza jambo moja: umeme ukikatika na mega za intaneti zimeisha, unabaki na nini?

La kwanza, na upendeleo wangu siufichi, ni Office Home 2024 ya Microsoft. Unalipa mara moja, ilipotoka mwaka 2024 Marekani ilikuwa dola 149.99, unapata Word ya kuandikia, Excel ya majedwali, PowerPoint na OneNote kwa mashini moja. Ukishaiwasha kwa intaneti, inafanya kazi hata kama mega huna, na Microsoft wataitunza hadi Oktoba 2029. Ila usiiache ilivyotoka kiwandani: nakala ya dharura inawekwa kila dakika 10, na dakika 10 kwangu ni mama watano. Kwenye menyu ya Kifaransa ingia Fichier, Options, Enregistrement, futa 10, andika 1. Kisha rudia ndani ya Excel, kwa sababu ulichobadilisha Word, Excel haikijui. Mwenye sekretariati ya kuchapia watu kwa malipo atafute Home & Business, ambayo ni ghali zaidi.

La pili ni Microsoft 365. Ndani ni Word na Excel zilezile, lakini unalipa kodi kama ya nyumba. Kule kujihifadhi papo hapo wanakokusifia kunataka faili likae OneDrive, ghala la Microsoft la mtandaoni, yaani kunataka intaneti. Kodi ikiisha, faili unalifungua, unaweza hata kulichapisha, ila kubadilisha neno moja hapana. Jedwali langu mwenyewe nilitazame kama nguo za dukani?

LibreOffice, programu nyingine ya ofisi, ni ya bure na ni halali. Mwanafunzi aliyebanwa aichukue, apunguze dakika za kujihifadhi, ahakiki kurasa kabla ya kumpelekea profesa, maana faili la Word lenye majedwali mengi likipitia humo linaweza kurudi limeteguka. WPS, nayo ya ofisi, ile ya bure imejulikana kwa matangazo. Google Docs inafanya kazi bila intaneti ikiwa ulikumbuka kuiandaa wakati intaneti ipo. Inatosha.

Taabu ni kuipata hiyo ya kwanza. Kadi ya benki sina, nikamwomba shemeji aliye Kitwe, Zambia, anilipie. Mjini wanakuuzia namba ya leseni kwenye kikaratasi, bila risiti, na kila duka lina bei yake kulingana na viatu ulivyovaa. Halafu dola yako ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wanakurudishia. Dola iwe safi, leseni iwe ya wizi!

Nilimrudia yule muuzaji. Hata hakuinua macho kutoka kwenye simu: “Mama, kama ulitaka ihifadhi, ungesema tangu mwanzo.” Akataka dola 5 za kuweka tiki.

Na kuna mama mmoja, sitamtaja, anayeshikilia mpaka leo kwamba jioni ile alilipa mara mbili. Sina pa kumwonyesha.