Nafasi Imejaa, Nihamie Wapi? Google Photos, iCloud na Flickr Nikizipima kwa Mlango wa Kutokea

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Hapa mezani nina simu mbili, moja Android na nyingine iPhone, na katikati yake nimeweka bahasha ya kaki. Humu ndani mna picha 12 za harusi ya wazazi wangu, Tanga, mwaka 1984. Ngoja niisogeze moja kwenye kamera. Mnaona? Mama ameshika maua, pembe ya kushoto mchwa wameionja kidogo. Sasa naigeuza. Huo ni mwandiko wa baba, kalamu ya wino: tarehe, mahali, nani kasimama wapi. Bahasha hii imehama nyumba 4, na kila ilikofika, picha zilifika zote na maneno ya mgongoni yalifika nazo.

Hicho ndicho kipimo changu leo. Wengi mnaniandikia, "Kaka, nafasi imejaa, nihamie wapi?" Mnalinganisha GB za bure, yaani nafasi, kwenye huduma za kuhifadhi picha mtandaoni kama Google Photos, iCloud na Flickr. Mimi nawaomba muulize kwanza: siku nikitaka kuondoka, picha zitatokaje, na zitatoka na tarehe na maelezo yake?

Nilijifunza hili kwa maumivu. Miaka kadhaa nyuma niliskani picha hizi zote, nikazipakia kwenye huduma moja ambayo sitaitaja, nikakaa usiku mzima narekebisha tarehe na kuandika majina. Nilipohama, picha zilitoka, tarehe hazikutoka. Mama na maua yake wakaangukia mwaka 2019, katikati ya picha ya risiti ya LUKU na picha ya tairi la gari. Niliumia sana, maana baadhi ya waliokuwa wanajua majina ya wale waliosimama nyuma walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Bahati bahasha ilikuwepo.

Haya, tuanze na Google Photos, maana ndiko wengi mliko. Ilizinduliwa Mei 2015, na kwa miaka 6 ulipakia bila kikomo na bila malipo, mradi ukubali picha zibanwe zisizidi megapikseli 16. Tarehe 1 Juni 2021 utaratibu huo ukaisha. Sasa una GB 15, na hizo unagawana na Gmail na Drive, ile hifadhi ya mafaili ya Google. Watu wanashangaa barua pepe zimeacha kuingia, kumbe video za send-off zimemaliza nafasi. Ukiwa unasubiri barua ya kuitwa kwenye usaili, hilo si jambo dogo.

Lakini sikilizeni hapa vizuri. Picha ulizopakia kwa kiwango kile cha kubanwa kabla ya tarehe hiyo hazihesabiwi mpaka leo. Kwa hiyo usije ukazifuta halafu ukazipakia upya ukidhani unafanya usafi. Zikirudi zitaanza kula nafasi. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta, pamoja na kila kilichomo. Kama bibi au babu ana akaunti uliyomfungulia wewe, ingia mara moja moja hata kutazama picha moja tu.

Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wa Android ni hili. Mtu anafungua Google Photos, anachagua picha 300, anabonyeza alama ya pipa la taka, anasema zimebaki mtandaoni. Hazijabaki. Ukifuta ndani ya programu ile unafuta kote kuwili, una siku 60 tu za kuzirudisha kwenye pipa. Ukitaka kupunguza mzigo wa simu, kuna kitufe chake maalumu cha kuongeza nafasi, kinaondoa kwenye simu zile tu ambazo nakala yake imeshafika juu, yaani mtandaoni. Tumia hicho.

Halafu WhatsApp. Mama mdogo wangu simu yake ilizama majini mwaka juzi. Tulimnunulia nyingine, tukaingia kwenye akaunti, picha za kamera zikashuka zote, akafurahi. Kisha akaniuliza, "Na za mjukuu je?" Mjukuu yuko Muscat, picha zake zote huja kwa WhatsApp, na folda ile kwenye Android haihifadhiwi mpaka uiwashe wewe mwenyewe. Tuliomba zitumwe tena, zikaja chache. Nenda sasa hivi kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala, tafuta orodha ya folda za kwenye kifaa, washa ya WhatsApp. Na mkitumiana picha ya maana, itume kama hati, kama unavyotuma PDF. Hivyo haibanwi, na tarehe ya kupigwa haipotei.

Upande wa iPhone, iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, inakupa GB 5, kiwango hichohicho tangu 2011, na kwa simu za leo ni kidogo mno. Mimi naipenda kwa utulivu wake, familia inayotumia iPhone pekee haina haja ya kuhangaika. Ila ielewe ilivyo: iCloud inalinganisha simu na kule juu, kwa hiyo ukifuta hapa imefutika na kule, na una takriban siku 30 za kujutia. Na kama umewasha mpangilio wa kuokoa nafasi ya simu, picha kamili ziko juu, kwenye simu umebakiwa na vinakala vidogo. Mtu anachomeka waya kwenye laptopu, anakopi, anaamini amemaliza. Kumbe picha nyingi kamili hazikuwemo kwenye simu ile.

Flickr, mtandao wa kuhifadhi na kuonyesha picha, nitaigusa kwa ajili ya wapiga picha. Ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 2004, Yahoo wakainunua mwaka uliofuata. Mwaka 2013 wakatangaza TB 1 nzima ya bure, yaani GB 1,000 hivi, watu wakahamia na maktaba zao za maisha. Mwaka 2018 ikauzwa kwa SmugMug, kampuni nyingine ya kuhifadhi picha, na kabla mwaka haujaisha likaja tangazo: akaunti ya bure mwisho picha 1,000, zinazozidi zitafutwa. Ufutaji ukapangwa kuanza mwaka 2019. Siwalaumu, seva hazijiendeshi bure. Ninachosema ni kwamba ukarimu wa leo hauna mkataba na wewe. Kama unataka kazi zako zionekane duniani, Flickr bado ni mahali pazuri. Kwa picha za familia hapana, maana akaunti ya bure inaruhusu picha 50 tu za faragha.

Sasa kuhama kwenyewe. Kama unatoka iCloud kwenda Google Photos, usipakue kitu. Ingia privacy.apple.com, omba nakala ihamishwe, seva za Apple zinazungumza moja kwa moja na za Google. Bando lako haliguswi. Ndugu zangu mnaonunua GB kwa wiki, hesabuni: picha 5,000 za MB 4 ni GB 20, kuzishusha na kuzipandisha ni 40. Njia hii inachukua siku 3 mpaka 7, unachohitaji ni nafasi ya kutosha kule ziendako. Njia ya kurudi, Google kwenda iCloud, nayo ilifunguliwa 2024. Na zinanakiliwa tu, kule zilikotoka zinabaki. Usifute hata moja mpaka umehesabu pande zote mbili.

Ukitaka kuzishusha kwako, Google wana Takeout, huduma yao ya kukupa nakala ya vitu vyako vyote. Utaletewa vifurushi vya zip, na linki yake inaisha muda baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo usiombe siku ambayo huna intaneti ya uhakika. Fungua kifurushi uone. Hii hapa laptopu yangu: pembeni ya kila picha kuna kifaili kidogo kinachoishia na json. Ukirekebisha tarehe ndani ya Google Photos, au ukiandika maelezo, marekebisho yako yanakaa humo, hayaingii ndani ya picha yenyewe. Ndiyo mgongo wa picha uliobanduliwa ukawekwa kando. Ukitupa vile vifaili kwa kuona vinajaza folda, umetupa mwandiko wa baba. Vihifadhi, kuna programu ya bure inaitwa ExifTool inaweza kuvirudisha ndani ya picha.

Na kama mna albamu ya pamoja, ya arusi au msiba, jueni kwamba picha aliyoweka shemeji akiiondoa inaondoka na kwako. Ziingize kwenye maktaba yako kabla hujahama. Linki zote ulizowahi kutuma zitakufa siku unapofunga akaunti, basi watangazie ndugu mapema.

Mkiniuliza ningechagua nini: familia yenye Android na iPhone mchanganyiko, Google Photos, inakaa vizuri kwenye simu zote mbili. Anayejali siri kuliko yote, atazame Ente, huduma nyingine ya kuhifadhi picha, kule picha zinafungwa kwa ufunguo kabla hazijatoka kwenye simu. Ila ukipoteza nenosiri pamoja na maneno ya akiba wanayokupa, hakuna wa kukufungulia, hata wao hawawezi. Yaandike kwenye daftari. Na yoyote utakayochagua, nunua diski ya nje, weka nakala ya pili, ikae nyumba tofauti na ile unayoishi na simu yako.

Mimi hizi za bahasha naziskani upya. Safari hii natumia digiKam, programu ya kupanga picha kwenye laptopu, ni ya bure, inaandika tarehe na maelezo ndani ya picha yenyewe kabla sijaipakia popote. Na jina la faili nalo linabeba habari. Ya kwanza ndiyo hii ya mama. Naandika: 1984, Agosti, Tanga, harusi ya baba na mama. Kushoto shangazi. Nyuma yake kuna kijana mwenye kofia, na hapa mwandiko wa baba umefifia. Subirini niisogeze kwenye taa nimsome jina.